Warundi wa 1972 walisoma mtaala wetu, wa 2015 wanasoma wa kwao. Diplomasia ya elimu jumuishi inafanya nini hapa Kigoma?

Mwalimu wa Makere (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha shule ya msingi wilayani Kasulu, si mbali na kambi ya Nyarugusu. Wageni hawaishi kupita huku: mabalozi, maofisa wa Umoja wa Mataifa, watu wa mashirika. Hotuba zao zinakutana kwenye neno moja, elimu jumuishi. Watoto wote wasome pamoja, asibaguliwe mtu kwa dini, kabila, ulemavu wala nchi aliyotoka. Jambo hilo naliamini kwa moyo wote, na ndiyo maana swali hili halinipi usingizi.

Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo ambako leo ni Katavi. Watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, wakakaa darasa moja na watoto wetu na kufanya mtihani wa darasa la saba kama wao. Waliokuja 2015 wako Nduta na Nyarugusu, wanasoma mtaala wa Burundi. Wakongo wa Nyarugusu tangu kambi ifunguliwe 1996 wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Mwanangu na mtoto wa kambini wametengwa na kilomita chache tu. Mmoja akisema Kiha na mwenzake Kirundi wanaelewana bila mkalimani, ila dawati moja hawajawahi kukalia.

Mwaka 1972 haikuwepo mikataba ya elimu jumuishi kama tuliyo nayo leo. Leo ipo tele. Imekuwaje tukarudi nyuma? Naomba hoja, siasa za vyama tuziache nje ya uzi huu.

Mtoto wa Ujiji

Jibu ni fupi, mwalimu. Wa 1972 walipewa ardhi walime, ikaonekana watakaa. Wa 2015 wamewekwa kambini ikitegemewa watarudi. Anayetarajiwa kurudi unamfundisha ya kwao. Balozi anaweza kusema atakavyo jukwaani, mtaala unafuata sera ya kurudisha watu.

Mzaliwa wa Ulyankulu

Mleta mada, kuna mahali pa kurekebisha kabla hatujaenda mbali. Mimi ni mtoto wa hao wa 1972. Shule za ndani ya makazi zilikuwa zetu sisi kwa sisi, darasa zima wazazi wao walitoka Burundi. Mwalimu ndiye aliyekuwa Mtanzania, pamoja na vitabu na mtihani. Kukaa dawati moja na Mnyamwezi au Msukuma kulianza kwa waliofaulu kwenda sekondari, na hao hawakuwa wengi.

Kwa hiyo tulichoshirikiana ni mtaala, darasa tulikuja kushirikiana baadaye. Ila mtaala ulitosha kunifanya mtu wa hapa. Niliimba wimbo wa taifa hili kila asubuhi, nikajifunza Vita vya Majimaji kama historia yangu. Uraia ulipokuja, Oktoba 2014 tulipoanza kupewa vyeti, watu zaidi ya 162,000, sikujiona nimebadilika. Karatasi ilinikuta nimeshakuwa Mtanzania.

Mtoto wa Ujiji

Hapo umenigusa, mkuu. Na nyumbani mlikuwa mnaongea nini?

Mzaliwa wa Ulyankulu

Kirundi, tena kwa sauti ya chini. Wazee wetu waliona mwaka 1972 wenye elimu wanatafutwa kwanza, wanafunzi wakitolewa madarasani wasirudi tena. Kuna wazazi waliogopa shule kabisa. Baba yangu alinipeleka, lakini alinikataza kujitambulisha asili yangu mbele ya mgeni. Mtu anayezungumzia elimu ya kuvumiliana na hajui hofu ya namna hiyo, bado hajafika kwenye kiini.

Mtani wa Sikonge

Watani zangu Waha mkishiba migebuka mnauliza maswali mazito kweli kweli. Niko hapa nasoma.

Mwalimu wa Makere

Mtani karibu, ila lete hoja pamoja na asali.

Mzaliwa wa Ulyankulu, asante kwa sahihisho. Swali linabaki hata hivyo: mtaala mmoja wakati ule, mitatu leo.

Wakili wa Mwanga

Tuangalie maandishi yanasemaje.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataka mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na raia. Tanzania imo kwenye mkataba huo tangu 1964. Lakini Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya 2003 inaelekeza elimu ya msingi ya wakimbizi ifuate mitaala ya nchi zao. Hao waliokuja miaka ya tisini nao walisoma hivyo hivyo, si jambo lililoanza 2015.

Wenzetu wamepita njia nyingine. Desemba 2017 nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, zilitoa Azimio la Djibouti kuhusu elimu ya wakimbizi, zikaahidi kuwaingiza kwenye mfumo wa kitaifa. Uganda tayari inafanya hivyo, na kambi za Kakuma na Dadaab zinafuata mtaala wa Kenya. Sisi si wanachama wa IGAD. Na mwanzoni mwa 2018 tulijitoa kwenye ule mpango wa Umoja wa Mataifa uliotaka wakimbizi wajumuishwe katika huduma za nchi. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama na fedha. Kwa maoni yangu hapo ndipo mlango ulipofungwa, na mabalozi wakabaki na hotuba.

Kibondo Juu

Wakili umeeleza vizuri, lakini wote mnaongea kana kwamba wazazi wa kambini hawana sauti. Mimi nimefanya kazi karibu na Nduta. Ukimuuliza mzazi Mrundi kama anataka mwanawe ahamie mtaala wa Tanzania, wengi watasita. Anakuuliza, nikirudi kesho Ruyigi, cheti cha darasa la saba cha hapa kitamsaidia nini? Kule kuna shule ya msingi ya miaka tisa, kuna Kifaransa, kuna mtihani wao. Anashika mtaala wake kwa sababu ndio alioubeba akivuka mpaka. Mnaita kutengwa, mwenzenu anaita urithi wa mtoto.

Mtoto wa Ujiji

Na akikaa miaka kumi bila kurudi?

Kibondo Juu

Ndiyo maumivu yenyewe, mkuu. Hakuna ajuaye siku ya kuondoka.

Mama Kitengo, Tabora

Shikamooni wakubwa. Naona jumuishi imekuwa wakimbizi peke yake, nami naomba nafasi.

Ni mwalimu wa elimu maalumu, nimesomea chuo cha Patandi. Nafundisha kwenye kitengo ndani ya shule ya kawaida. Nina wasioona, wenye uoni hafifu na wenye ualbino. Tamko la Salamanca la 1994 lilisema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya jirani na wenzake. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 ukakazia, nchi yetu ikauridhia 2009, mwaka uliofuata tukatunga sheria. Kwa karatasi tuko vizuri.

Sasa njooni darasani. Mashine za nukta nundu tuliletewa na wafadhili, tukapiga picha, tukashukuru kwa dhati. Zile karatasi zake nzito zilipokwisha, hazikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mashine ipo mezani, mtoto anasikiliza kwa masikio tu wakati wenzake wanaandika. Mtihani ukija anaulizwa sawa na wao. Tabora tuna Furaha, shule ya siku nyingi ya wasioona, na kuna wazazi wanaoniambia waziwazi afadhali mtoto akae na wasioona wenzake penye walimu na vifaa kuliko kuchanganywa bila chochote. Nawaelewa, ingawa inaniuma.

Nampenda balozi anayekuja. Ningempenda zaidi akiuliza karatasi zinanunuliwa na nani mwaka wa tatu.

Mtani wa Sikonge

Mama, post yako ipigwe muhuri.

Bandari ya Kigoma

Marahaba mama, nasi tunakushukuru.

Niongeze lingine. Mnasema diplomasia haifanyi kitu, mbona kwa wasichana waliopata ujauzito ilifanya? Rais Magufuli alisema Juni 2017 kwamba aliyezaa hatarudi shule. Benki ya Dunia ikazuia mkopo wa elimu wa dola milioni 300. Novemba 2021 serikali ikatangaza warudi. Nje wakibana, ndani panalegea. Nina mpwa wangu Uvinza aliyerudi kidato cha pili kwa tangazo hilo, mwanawe analelewa na bibi. Kwangu mimi hilo si hotuba.

Wakili wa Mwanga

Bandari, mfululizo wako umeruka hatua. Mkopo ulisimamishwa 2018, kweli. Lakini Machi 2020 Benki iliidhinisha mpango mwingine wa dola milioni 500 huku katazo likiwa bado lipo. Sehemu yake ilikuwa njia mbadala ya masomo kwa walioacha shule. Katazo liliondoka zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, wakati uongozi wa nchi umebadilika. Katikati hapo kulikuwa na shirika la hapa nchini, pamoja na la kimataifa, lililopeleka shauri 2019 kwenye Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Ukisema ni fedha za nje, nitakuuliza kwa nini fedha zilitoka kabla ya katazo kuondoka.

Bandari ya Kigoma

Na mimi nitakuuliza, bila kelele ya 2018 nani angeweka njia mbadala kwenye mpango wa 2020? Shinikizo halifanyi kazi kwa siku moja.

Dada wa Urambo

Kaka zangu, wasichana wenyewe hamjawataja. Waraka wa elimu ulitoka 2021, sawa. Katika kata yetu wanaorudi ni wale ambao mama zao wamekubali kulea mjukuu. Asiye na mama harudi, waraka uwepo usiwepo. Kuna na wanaorudi wakakimbizwa na maneno ya wenzao darasani, wengine maneno ya walimu. Hapo ndipo elimu ya kuvumiliana inapotakiwa, na haina mkopo wake.

Mstaafu wa Kaliua

Nimefundisha tangu enzi za Mwalimu, nawasoma vijana kwa furaha.

Mnatafuta asili ya kuvumiliana kwa mabalozi, mimi naiona kwenye Sheria ya Elimu ya 1969. Shule za misheni zilichukuliwa na serikali, mtoto wa Kiislamu akaingia shule iliyojengwa na mapadri bila kubadili dini. Kijana wa Bukoba akapangiwa Tabora, wa Tabora akapangiwa Songea. Mlikula ugali sinia moja, mkarudi likizo mkijua salamu za makabila matano. Hakuna ubalozi uliotufundisha hilo, tulilipanga wenyewe, na kulikuwa na gharama: yapo makanisa yaliyoumia sana kunyang'anywa shule, na yalikuwa na haki ya kuumia.

Sasa karibu kila kata ina sekondari yake. Jambo jema sana, watoto wengi wanasoma. Lakini mtoto anaanza darasa la kwanza mpaka kidato cha nne na watoto wa kijiji kile kile. Mgeni wake wa kwanza anakutana naye akiwa mtu mzima.

Mtoto wa Ujiji

Mzee wangu, hii sijawahi kuifikiria. Kumbe hata sisi wenyewe tumetenganishwa bila kambi.

Mzaliwa wa Ulyankulu

Nakazia kwa mzee. Urafiki wangu wa kweli na Watanzania wa asili ulianzia bwenini. Shule ya makazi ilinipa lugha tu.

Mwalimu wa Makere

Shikamoo mzee. Lakini bweni la kitaifa lilikuwa la wachache mno. Ujumuishi wa watoto mia hauwezi kuwa kipimo cha watoto mamilioni.

Mstaafu wa Kaliua

Marahaba. Ni kweli, lakini wachache hao ndio waliokuja kuwa walimu wa mamilioni.

Kijana wa Buhigwe

Mnasahau EQUIP-T, ule mradi wa Uingereza ulioanza 2014. Kigoma na Tabora zote zilikuwamo. Waliwapa waratibu elimu kata pikipiki, wakaanzisha umoja wa wazazi na walimu, UWaWa. Kubwa kwangu ni madarasa ya utayari wa shule: mtu wa pale pale kijijini anafundishwa kuwaandaa watoto kwa hadithi na nyimbo kabla ya darasa la kwanza. Huku kwetu mtoto anatoka nyumbani na Kiha kitupu, Kiswahili anakikuta ubaoni. Dada yangu alikuwa msaidizi kwenye darasa kama hilo. Watoto waliokuwa wakilia mlangoni walianza kunyoosha mikono. Huo ni ujumuishi wa mtoto wa Kitanzania ndani ya Tanzania, na ulitoka ubalozini.

Mtani wa Sikonge

Na baada yake ikaja Shule Bora, nayo ya Uingereza. Nyie Kigoma mko ndani, sisi Tabora tumeachwa nje. Nani alichagua mikoa?

Kijana wa Buhigwe

Mtani, Mungu alijua nani anahitaji kusoma zaidi.

Mtani wa Sikonge

Haya, nimekusamehe kwa sababu ya utani. Lakini swali langu ni la kweli. Mradi ukihama mkoa, mafunzo ya walimu yanabaki na nani? Kata yetu pikipiki ya mratibu ilikufa injini na haikufufuka, na ufuatiliaji wa shule za mbali ukaisha hapo hapo.

Mama Kitengo, Tabora

Ndiyo karatasi zangu zile zile hizo.

Kibondo Juu

Kuna jambo la Kabanga halijatajwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, watoto walikusanywa shule ya Kabanga pale Kasulu walindwe. Dunia ikapiga kelele, Bunge la Ulaya likalaani 2008, Umoja wa Mataifa ukatenga tarehe 13 Juni kuwa siku yao, na 2015 ukateua mtaalamu wa kwanza wa kushughulikia haki zao. Maisha ya watoto yaliokolewa. Lakini wapo waliokua mbali na mama zao. Ulinzi ule ule ukawa ukuta. Nikiangalia kambi naona jambo linalofanana: unamtenga mtoto ili umlinde, halafu hujui siku ya kumtoa.

Mama Kitengo, Tabora

Nina mwanafunzi mwenye ualbino sasa hivi, anaishi kwao na anasoma kwangu. Anahitaji kofia, mafuta ya kuzuia jua, kiti cha mbele na maandishi makubwa. Basi. Ukuta hauhitajiki pale jirani wanapokuwa salama.

Aliyerudi Makamba

Naandika nikiwa Burundi, Kiswahili changu ni cha Kigoma, mtanisamehe. Nilisoma kambi ya Mtabila, Kasulu, kabla haijafungwa 2012. Tulisoma mtaala wa Burundi. Niliporudi niliingia darasa langu bila kupoteza mwaka. Walimu walinikuta najua Kifaransa cha kutosha.

Sasa linganisheni. Kuna wa makazi ya 1972 waliochagua kurudi kuanzia 2008, zaidi ya 50,000. Watoto wao walikuja na Kiswahili na mtaala wa Tanzania. Nimesoma nao. Kijana mkubwa amerudishwa kukaa na wadogo kwa sababu Kifaransa hajui, anachekwa, anaitwa Mtanzania. Wengine waliacha. Mtaala ule ule uliomfanya ndugu yetu wa Ulyankulu kuwa mtu wa huko, ndio uliomfanya binamu yangu mgeni kwao. Mwalimu wa Makere, nakuheshimu sana, lakini usiseme mlirudi nyuma. Kambi ilinitenga na wewe, ikaniunganisha na nchi yangu.

Mwalimu wa Makere

Ndugu yangu wa Makamba, maneno yako nimeyasoma na kuyarudia. Sina jibu la haraka.

Wakili wa Mwanga

Ushuhuda mzito. Hata hivyo wewe ulirudi. Aliyezaliwa Nyarugusu na wazazi wa Kongo waliokuja 1996 sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto, na Kongo hajaiona. Mtaala wa kurudi unamwandaa kwa safari ambayo baba yake hakuifanya. Mtaala mmoja hauwezi kuwafaa nyote wawili.

Dada wa Urambo

Kwani lazima kuchagua? Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, imeingiza Kiswahili na Kiingereza shule za msingi. Kongo imeingia 2022. Wafaransa na Wajerumani walipigana mara ngapi, na 2006 wakatoa kitabu kimoja cha historia kwa sekondari za nchi zote mbili. Jumuiya yetu ishindwe vipi kuandika somo moja la historia ya Ziwa Tanganyika, lisomwe Makamba, Uvira na Kigoma? Mabalozi wetu wenyewe walishike hilo.

Mtoto wa Ujiji

Historia ya Burundi nani ataiandika, dada? Wenyewe hawajakubaliana 1972 ilikuwa nini. Mazungumzo ya amani yaliyozaa Mkataba wa Arusha wa 2000 yalisimamiwa na Nyerere kisha Mandela, miaka, na mabishano ya historia hayakwisha.

Aliyerudi Makamba

Kweli. Lakini anzeni na ziwa na samaki, damu ije baadaye. Mei 2015 watu wetu walipokwama na kipindupindu kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa ziwa, meli ya MV Liemba ndiyo iliyowafikisha wengi Kigoma. Hiyo historia hakuna wa kuikataa.

Mwalimu wa Makere

Niulize la karibu zaidi. Mtaala siuwezi. Je, mechi ya mpira au mdahalo wa Kiswahili kati ya shule yangu na shule ya kambini inawezekana? Nimuandikie nani?

Wakili wa Mwanga

Mkuu wa kambi, yuko chini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani. Barua ipitie kwa mkurugenzi wako wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu. Watoto wa kambini wakitoka nje ya eneo lililoruhusiwa wanahitaji kibali, kwa hiyo ni rahisi zaidi nyie kwenda kwao. Taja idadi, majina ya walimu na saa ya kurudi.

Kibondo Juu

Upande wetu wazazi wa Kitanzania ndio waliokataa jambo kama hilo, wakihofia magonjwa na wizi. Kaa kwanza na kamati ya shule kabla ya barua.

Mwalimu wa Makere

Kamati inakutana Ijumaa. Mama Kitengo, nitumie ujumbe wa faragha, nina mtoto wa darasa la pili asiyesikia vizuri na sijui pa kuanzia.

Mama Kitengo, Tabora

Nimekutumia. Apimwe masikio kwanza, na leo hii hii umhamishie dawati la mbele upande wa dirisha aone mdomo wako unapoongea.